Friji mbili za nyumba moja Kibokoni: uchambuzi wa kisa

Simu ilikuja Jumatatu asubuhi, tarehe 17 Februari 2025, zikiwa zimesalia wiki mbili mwezi wa Ramadhani uandame. "Mwanangu, ile friji mpya imekufa. Samaki wote nimewahamishia kwenye ile kuukuu ya darini. Njoo uitazame, na kama haifai uniambie kweli, niiuze kwa wanunuzi wa vyuma."

Mimi ni fundi wa friji, na namjua mama huyu tangu mwaka 2003. Nyumba yake iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ghorofa ya kwanza, na dirisha la jiko linaelekea baharini. Hewa ya chumvi inaingia usiku na mchana. Anapika kwa oda: biriani, samaki wa kupaka, na ukifika mwezi wa mfungo anauza sharubati ya ukwaju na ya maembe kwa majagi. Friji ikilala siku mbili, kazi yake inalala nayo.

Nilipofika nilimkuta ameketi kwenye ngazi na feni ya mkono. Baada ya shikamoo na marahaba, neno la kwanza lilikuwa: "Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ile ya marehemu ina miaka thelathini na kitu na haijawahi kuharibika hata siku moja. Hii ya mwanangu haijatimiza miaka minne."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nikiandike kisa hiki chote. Kila wiki naisikia, Majengo, Tudor, Likoni, popote ninapoitwa: vitu vya zamani vilikuwa vitu, vya siku hizi ni bati na plastiki. Watu hufanya maamuzi ya pesa nyingi kwa kuitegemea. Safari hii nilikuwa na friji mbili chini ya paa moja, mwenye nyumba mmoja, mita moja ya stima, na kopo la biskuti lililojaa risiti tangu 1988. Nafasi kama hiyo fundi haipati mara nyingi.

Friji zenyewe

Ya zamani ilinunuliwa 1988 na mume wake, Mungu amrehemu, aliyekuwa karani bandarini. Ni ya mlango mmoja, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa ya mtindi, na friza yake ni kisanduku kidogo cha aluminiamu juu ndani. Nyuma ina koili nyeusi iliyo wazi, yaani bomba lililokunjwakunjwa la kutoa joto, ile ambayo zamani akina mama walianikia vitambaa vya jikoni. Mama anakumbuka kwamba bei yake ilizidi mishahara mitatu ya mumewe, na ililipwa kidogo kidogo kwa miezi kumi.

Mpya ilinunuliwa 2021 na mwanawe wa kiume anayefanya kazi Nairobi. Milango miwili, lita 250, haigandi barafu ukutani, kompresa yake, ile pampu inayosukuma gesi, ni ya inveta, yaani bodi ya elektroniki ndiyo inayoongeza na kupunguza kasi yake, na mgongo wake ni laini kama ukuta uliopigwa lipu. Mlangoni bado kuna stika kubwa ya bluu: waranti ya kompresa miaka 10. Bei ilikuwa shilingi 48,000, na kijana aliniambia kwa simu kwamba haikufika mshahara wake wa mwezi mmoja na nusu.

Tayari hapo mizani imeinama. Tunailinganisha friji iliyogharimu zaidi ya mishahara mitatu na nyingine iliyogharimu mmoja na nusu, halafu tunashangaa ya kwanza ilikuwa na bati nene. Ukienda leo na pesa za mishahara mitatu na nusu utapata friji ambayo mlango wake unahitaji nguvu kuufunga.

Nililolikuta jikoni

Friji mpya ilikuwa imebanwa kati ya kabati na ukuta, pasipo nafasi ya kidole upande wowote. Taa ya ndani ilikuwa ikiwaka, feni ya friza inazunguka, lakini baridi hamna. Kompresa nyuma ilikuwa kimya na haina joto hata kidogo.

Fundi aliyetangulia alikwisha kumwambia mama kwamba kompresa imekufa na akamtajia shilingi 26,000. Nilichomoa soketi ya kompresa nikapima pini zake tatu kwa mita. Kompresa ya inveta ina nyaya za fezi tatu ndani, na ukipima pini mbili mbili, vipimo vyote vitatu lazima viwe sawa. Vilikuwa sawa. Nikapima kila pini na ganda la chuma la kompresa: hakuna njia. Kompresa ilikuwa nzima.

Nikafungua kifuniko cha bodi inayoiendesha, na hapo harufu ya kuungua ikanipiga kabla sijaona chochote. Kile kidude cha buluu chenye umbo la sarafu, kinachowekwa mlangoni mwa stima ili kifyonze mshtuko, kilikuwa kimepasuka na kuacha masizi meusi. Fyuzi imekatika. Na ile chipu kubwa inayokata stima vipande vipande ili kuizungusha kompresa ilikuwa na tundu dogo katikati, kama limetobolewa kwa sindano ya moto.

"Mama, stima ilicheza wiki hii?"

"Usiku wa Jumamosi ilikatika, ikarudi, ikakatika, ikarudi. Mara tatu."

Basi swali linalofuata ni la haki: kwa nini ya darini, iliyochomekwa kwenye nyumba hiyohiyo, usiku uleule, ilipona? Jibu la haraka ni kwamba ya zamani ni imara. Nilipanda darini kuhakikisha. Friji ya zamani ilikuwa imechomekwa kupitia gadi, kile kisanduku cha kulinda friji kinachokata stima ikipanda au ikishuka mno, na kusubiri dakika chache kabla ya kuirudisha. Marehemu aliinunua miaka mingi iliyopita. Ile mpya ilichomekwa moja kwa moja kwenye ekstensheni, kwa sababu muuzaji dukani alimwambia kijana kwamba friji za inveta hazihitaji gadi.

Muuzaji hakusema uongo mtupu. Friji nyingi za inveta zinaweza kufanya kazi stima ikishuka sana au ikipanda kiasi, na ndiyo maana ya maneno yanayoandikwa kwenye boksi kwamba haihitaji stabilaiza, kifaa cha kusawazisha stima. Lakini stima kuwa dhaifu kwa saa nzima ni jambo moja, na kishindo cha nukta moja inaporudi ni jambo jingine. Kile kidude cha buluu kinaweza kumeza vishindo kadhaa vidogo, na kila kishindo kinakipunguzia maisha. Siku kinapokufa, kinachofuata nyuma yake ni chipu.

Hata hivyo sitaki kuikwepa kweli iliyopo upande wa pili. Ya zamani, hata bila gadi, ingekuwa na nafasi nzuri ya kupona. Ndani yake hakuna chipu. Kuna thamostati, ambayo ni kijibomba chenye gesi kinachotanuka na kusukuma swichi. Kuna relei ya kuwashia. Kuna ovalodi inayokata moto ukizidi. Na kuna mota. Vitu vinne. Kikiungua kimoja, ni relei, na relei inapatikana Mwembe Tayari kwa bei ya chakula cha mchana.

Kopo la biskuti

Ilibidi bodi iagizwe Nairobi, shilingi 9,500, na ilichukua siku nne kufika. Katika siku hizo nne nilimwomba mama aniruhusu nipitie risiti zake, kwa sababu nilijua kwamba lile neno "haijawahi kuharibika" si kweli. Nilijua kwa sababu 2003 nilikuwa mwanagenzi, na ni mimi niliyebeba mtungi wa gesi kupanda ngazi zile nyuma ya fundi aliyenifunza kazi.

Tulikaa sebuleni, chini ya feni ya dari ambayo nayo ni ya miaka hiyohiyo, tukazipanga risiti mkekani. Zilikuwa sita za friji ya zamani. 1994, thamostati. 1999, friza ilitobolewa kwa kisu wakati mtu anabandua barafu, ikazibwa na kutiwa gesi. 2003, kompresa nzima. 2009, relei. 2014, thamostati tena. 2019, relei na kubandika upya raba ya mlango. Zaidi ya hapo, koili ya nyuma ilikwanguliwa kutu na kupakwa rangi mara mbili, kazi ambayo marehemu aliifanya mwenyewe kwa brashi na hakuna risiti.

Mama aliitazama ile ya 2003 kwa muda. "Aa, hiyo. Lakini hiyo ilikuwa siku moja tu. Mlikuja asubuhi, alasiri mkaondoka, na jioni tulikunywa maji ya baridi."

Hapo ndipo nilipoliona jambo lenyewe, na tangu siku hiyo ndilo ninalowaeleza wateja. Mama hakuwa anasema uongo. Kwake yeye, kuharibika ni kule kunakokufanya usimame, utafute pesa za kitu kingine, na umpigie simu mwanao Nairobi. Hitilafu iliyotengenezwa kabla ya alasiri haikuingia kwenye kumbukumbu kama hitilafu. Friji ya zamani ilikufa mara sita na kufufuliwa mara sita, na anachokikumbuka ni kwamba ipo.

Kompresa iliyo nyuma yake leo si ile ya 1988. Gesi iliyo ndani yake si ile ya 1988 pia. Ilikuja na R12, gesi ambayo mataifa yalikubaliana kuipunguza katika Mkataba wa Montreal wa Septemba 1987 kwa sababu ilikuwa inakula ozoni, mwaka mmoja kabla friji hii haijanunuliwa. Nchi tajiri ziliacha kuitengeneza kufikia 1996, na nchi kama yetu zilipewa hadi 2010. Ndiyo maana 2003 tulifunga kompresa mpya ya R134a badala ya kuitafuta R12 iliyokuwa imeadimika. Na ile R12 iliyobaki ndani tuliifungulia hewani pale darini, kama mafundi wengi tulivyofanya zama hizo. Kilo moja yake inapasha dunia joto kuliko kilo elfu kumi za hewa ya ukaa. Jambo hilo linanisumbua mpaka leo, na watu wanaposifu friji za zamani mbele yangu ndilo linalonijia kwanza.

Kuna jingine ambalo kopo la biskuti haliwezi kulionyesha. Nilimuuliza mama ni nyumba ngapi za kichochoro kile zilikuwa na friji kufikia 1990. Alihesabu kwa vidole: tano, pamoja na yake. Ngapi zipo leo? Yake peke yake. Zile nne hakuna anayezizungumzia kwa sababu hazipo. Mtu akipita Mji wa Kale akaiona milango ya nakshi ya misaji, atasema wazee walijua kutengeneza milango. Walijua, kweli. Lakini ile ya mbao laini waliyoitengeneza miaka hiyohiyo ililiwa na mchwa na kuishia mekoni, na haikubaki hata mmoja wa kuisema. Tunavilinganisha vilivyosalia vya jana na vyote vya leo, vizuri na vibaya pamoja.

Tatizo la pili, ambalo ndilo kubwa

Bodi ilifika Ijumaa. Nikaifunga, kompresa ikaanza kunguruma taratibu, mama akasema alhamdulillahi, na mimi nikangoja. Baada ya saa mbili nilibandua kifuniko cha ndani ya friza nitazame koili ya baridi. Koili nzima yenye gesi ya kutosha huvaa ukungu mweupe sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Hii ilikuwa na barafu kwenye mikunjo mitatu ya kwanza tu, na iliyobaki ilikuwa kavu. Gesi ilikuwa imepungua. Palikuwa na tundu mahali.

Sasa vipande vikaanza kuungana. Nilimuuliza mama kuhusu tokeni za stima, akasema tangu Desemba alikuwa ananunua mara kwa mara na kulaumu joto la kaskazi. Gesi inapopungua, sensa ya kupima baridi iliyo ndani haifikii kiwango kinachotakiwa, na bodi inaamuru kompresa ikimbie kwa kasi bila kupumzika. Bodi iliyopikwa kwa wiki nyingi namna hiyo, ikikutana na usiku wa vishindo vitatu, haina pa kujificha. Kishindo cha Jumamosi kiliikuta imeshachoka.

Kulitafuta tundu lenyewe si kazi ya povu la sabuni peke yake. Friji hii inatumia R600a, ambayo ni isobutani, ndugu wa gesi ya kupikia. Upande wake wa baridi mara nyingi hufanya kazi chini ya shinikizo la hewa ya kawaida, kwa hivyo mashine ikiwa inazunguka, tundu la upande huo huvuta hewa ndani na sabuni haitoi hata povu moja. Nilifungua madirisha yote, nikazima jiko, nikaitoa gesi iliyobaki kwa mpira mrefu hadi nje ya dirisha, nikasafisha mabomba kwa naitrojeni. Kisha nikautenga upande wa baridi na upande wa moto, nikaujaza kila mmoja naitrojeni, nikaacha mpaka asubuhi. Upande wa baridi haukupoteza kitu. Upande wa moto sindano ya geji, kile kipimo cha shinikizo, ilikuwa imelala chini.

Na upande wa moto, katika friji hii, hauonekani. Ule mgongo laini unaopendeza dukani umetokana na kwamba koili ya kutoa joto imefichwa ndani ya kuta za ubavuni, ikamiminiwa povu gumu, na kipande kingine kikazungushwa kwenye fremu ya mlango ili fremu isitoe jasho. Bomba lenyewe ni la chuma chembamba kilichopakwa rangi. Pale linapoingia kwenye povu, chini karibu na trei ya maji, palikuwa na kutu ya rangi ya mdalasini iliyochuruzika. Sikulipasua povu, kwa hivyo tundu lenyewe sikuliona kwa macho. Niliiona kutu, na niliiona geji.

Ukiwa kwenye nchi ya baridi na hewa kavu, bomba hilo linaweza kuishi miaka mingi kuliko mlango wake. Weka friji hiyohiyo mita hamsini kutoka baharini, kwenye unyevu wetu, na ibane kati ya kabati na ukuta joto lisipate pa kutokea, umelibebesha bomba lile kazi ambayo halikuandaliwa. Tena, wala koili ya friji ya zamani si ya dhahabu. Nayo ni chuma kilichopakwa rangi. Ilikula chumvi ileile miaka thelathini na saba. Tofauti ni kwamba marehemu aliiona ikishika kutu, akaikwangua, akaipaka rangi. Hii ya ndani hakuna aliyeweza kuiona, na aliyeiona hangeweza kuifikia.

Na ile stika ya bluu? Ni kweli waranti ya kompresa ilikuwa bado na miaka sita na ushei. Lakini kompresa ndiyo iliyokuwa nzima. Bodi na mabomba waranti yake ilikuwa ya mwaka mmoja, na imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kijitabu ambacho mama hakuwahi kukifungua. Mtu yeyote anayesoma hapa aende akatazame karatasi yake leo.

Maamuzi

Jumamosi usiku nilizungumza na watu watatu: mama, binti yake, na mwanawe kwenye spika ya simu. Kijana alitaka kununua nyingine, 52,000 kwa bei ya siku hiyo, na hii itupwe. Mama alitaka hii itupwe na abaki na ile ya marehemu. Wote wawili walikubaliana kuitupa, na mimi ndiye niliyebaki peke yangu upande wa kuitengeneza.

Niliwaomba wanipe siku moja ya kupima. Nina kifaa kidogo kinachochomekwa ukutani na kuhesabu yuniti. Ya zamani, kwa saa 24, ilikula yuniti 2.6. Raba yake ya mlango ilikuwa imekauka: niliweka noti ya shilingi 50 katikati, nikafunga mlango, nikaivuta, ikatoka bila kukwama popote. Mpya yenye afya nilikadiria isingezidi yuniti 1.2 jikoni mle. Mama alikuwa analipa karibu shilingi 28 kwa yuniti kwa tokeni zake, kodi zote ndani. Tofauti ile, mwezi kwa mwezi, ni zaidi ya shilingi elfu moja zinazopotea. Ndani ya miaka minne, friji ya marehemu ingekula bei ya friji mpya nzima.

Hili si jambo la friji hii tu. Marekani, friji mpya ya wastani mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikula karibu yuniti 1,800 kwa mwaka. Viwango vilivyoanza kutumika 2001 vilishusha hadi karibu 500, na friji zenyewe zilikuwa kubwa zaidi. Hapo wahandisi wa leo wamewashinda wa jana vibaya sana, na fundi anayekataa kulisema hilo anawadanganya wateja wake.

Binti alikuwa kimya muda mrefu, kisha akauliza swali lililomaliza mazungumzo: "Kaka fundi, ukiitengeneza, tundu lingine halitatoka humohumo ndani?"

Nikamwambia halitatoka, kwa sababu bomba la ndani sitalitengeneza. Nitaliacha limekufa humo ukutani, na nitafunga koili mpya nje, nyuma, mahali ambapo kila mtu ataiona.

Mama akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Yaani utaipa mgongo wa ile ya babaako."

Ndivyo ilivyokuwa. Koili ya nje, kichujio kipya, gesi, shaba ya kuchomelea na ufundi, jumla 12,000. Pamoja na bodi, 21,500. Nilivuta vakyumu, yaani kuitoa hewa yote mabombani, kwa dakika arubaini na tano, nikatia gramu 54 za R600a kwa mizani, nikaisogeza friji sentimita kumi kutoka ukutani na kumtaka binti aliondoe kabati. Nikaiwekea gadi. Nilikataa, na nakataa kila siku, kutia R134a kwenye mashine ya R600a ingawa mtungi wake ni rahisi kupata: kompresa ya R600a imetengenezwa ipige mdomo mkubwa wa gesi nyepesi, ukiipa gesi nzito inazidiwa na mota inaungua, na mafuta yaliyomo hayapatani nayo.

Ya darini nilibadilisha raba ya mlango, ikashuka hadi yuniti 2.1. Mama alikubali iwe inawashwa Ramadhani na siku za harusi tu, kwa ajili ya barafu na majagi ya sharubati, na miezi mingine ikae imezimwa na mlango wazi isishike ukungu.

Ningemshauri nini mama dukani mwaka 2021

Ningemwambia aitazame nyuma kabla ya mbele. Koili iliyo nje inachukua vumbi na haipendezi, lakini kwa mtu wa pwani inafaa kuliko mgongo laini. Ningemwambia amuulize muuzaji bei ya bodi na ipo duka gani, papo hapo, na asipopata jibu aende duka jingine. Ulaya, tangu Machi 2021, sheria inawalazimu watengenezaji kuweka bodi na sensa za friji kwa angalau miaka 7 baada ya modeli ya mwisho kuuzwa, na raba za milango miaka 10. Sheria hiyo haimfikii mteja wa Kibokoni, kwa hivyo lazima aulize mwenyewe.

Ningemwambia atafute herufi T kwenye lebo ya ndani. Herufi hizo ni za hali ya hewa: N imepimwa ifanye kazi chumba kikiwa hadi digrii 32, ST hadi 38, T hadi 43. Jiko la Mombasa mwezi wa Februari, mchana, sufuria mbili motoni, linapita 32 bila shida. Baadhi ya friji za mitumba kutoka Uingereza zinazouzwa kwa sifa ya uimara ni N, na wanaozinunua huja kwangu wakilalamika kwamba hazipozi. Nyota za lebo ya matumizi ya stima, zilizowekwa na kanuni za Kenya za 2016, zitazamwe baada ya hayo.

Na ningemwambia, kama pesa zinaruhusu, kwamba ya mlango mmoja yenye thamostati ya kuzungusha bado inatengenezwa na bado inauzwa. Haina urembo, barafu lazima uiyeyushe mwenyewe kwa bakuli la maji moto na kamwe si kwa kisu. Kwa mtu anayeishi mbali na fundi wa bodi, ndiyo ninayoipendekeza.

Agosti

Nilirudi mwezi wa Agosti, kusi linavuma, kupima tena. Friji ya jikoni ilikuwa inakula yuniti 1.1 kwa siku. Ramadhani ilipita salama na oda zote zilitoka. Kitu kimoja sikuweza kukiondoa: kwa kuwa bomba la fremu nimelikata, fremu ya mlango inatoa jasho asubuhi, na wakati wa mvua za masika matone yalifika sakafuni. Binti ameweka kitambaa juu ya friji na anaifuta kila anapoingia jikoni. Nilikwisha kuwaonya, lakini kuonya si sawa na kuyaona maji yenyewe, na sijafurahi nalo.

Kabla sijaondoka mama aliniletea kalamu ya wino mzito. Alitaka niandike nyuma, kwenye bati karibu na koili, yale yote niliyofanya, ili fundi atakayekuja baada yangu asianze kubahatisha. Nikaandika: 2/2025, bodi mpya, koili ya nje, bomba la ndani halitumiki, R600a gramu 54. Akachukua mwanga wa simu akasoma neno kwa neno. Kisha akaenda kuichukua risiti yangu ya Februari iliyokuwa chini ya sumaku mlangoni, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye kopo la biskuti pamoja na zile sita.